Li Si: karani wa Shangcai aliyeijenga dola ya Qin, kisha sheria zake zikamfunga mwenyewe

#1 – Mleta mada

Wakuu, salaam kwenu.

Tukiigusa historia ya China humu ndani huwa tunaishia kwenye Ukuta Mkuu na lile jeshi la askari wa udongo lililofukuliwa karibu na mji wa Xi'an mwaka 1974. Mwenye kaburi lile, Qin Shi Huang, anafahamika. Aliyekaa ubavuni mwake zaidi ya miaka thelathini, akimpangia vita, sheria, mizani na hata namna ya kuandika, hatajwi kabisa. Huyo ni Li Si. Alianza kama karani wa wilaya, akapanda mpaka juu yake akabaki Kaisari peke yake. Mwaka 208 KK akakatwa vipande viwili sokoni Xianyang, mji mkuu wa Qin, na ukoo wake wote ukafyekwa.

Wengi husema aliangushwa na towashi Zhao Gao. Ni kweli Zhao Gao ndiye aliyesukuma. Ila kila nikirudi kwenye habari za mtu huyu naona mambo mawili yaliyomwangusha yalitoka kwake mwenyewe: imani aliyoishika ujanani, na sheria aliyoitunga akiwa kileleni. Naomba mvumilie urefu, nitaeleza.

Li Si alizaliwa Shangcai, nchi ya Chu, mnamo 280 KK hivi. China haikuwa moja. Kulikuwa na dola saba zikipigana: Qin, Chu, Qi, Yan, Zhao, Wei na Han. Qin ilikuwa magharibi, na tangu mageuzi ya waziri wake Shang Yang katika karne ya 4 KK askari wake walipandishwa cheo kwa hesabu ya vichwa vya maadui walivyoleta.

Akiwa karani kijana Li Si aliona panya wa chooni wakila uchafu, na kila mtu au mbwa akikaribia wanakurupuka kwa woga. Kisha akaona panya wa ghalani wanakula nafaka chini ya paa pana, hakuna wa kuwasumbua. Akahitimisha kwamba mtu kuwa wa maana au kuwa duni ni kama hao panya: yote yanategemea amejiweka wapi. Ishikeni hiyo.

Akaacha ukarani, akaenda kusoma kwa Xunzi, mwanafalsafa aliyefundisha kwamba maumbile ya binadamu ni mabaya na hunyooshwa kwa malezi na taratibu. Darasani alikuwamo Han Fei, mwana wa ukoo wa kifalme wa nchi ya Han, mwenye kigugumizi lakini kalamu yake kali. Li Si alikiri kwamba Han Fei anamzidi. Siku ya kumuaga mwalimu alisema hakuna aibu kubwa kuliko kuwa mtu wa chini wala huzuni kubwa kuliko ufukara. Akaelekea Qin mwaka 247 KK.

#2 – Mleta mada

Tuendelee.

Mlango wa kwanza aliobisha ni wa Lü Buwei, mfanyabiashara tajiri aliyekuwa amefika uwaziri mkuu. Mfalme mpya, Ying Zheng, ndiye Qin Shi Huang wa baadaye, alikuwa mtoto wa miaka 13. Kwa mgongo wa Lü Buwei, Li Si alipata nafasi ya kusema na mfalme, akamwambia dola sita zimedhoofika, na ukizembea zitaungana usiziweze tena. Akashauri watu wapelekwe kwa siri na dhahabu na vito: mkubwa anayenunulika anunuliwe, asiyenunulika auawe kwa upanga, majeshi yaje nyuma yao. Mfalme akafuata ushauri huo, Li Si akapandishwa.

Mwaka 237 KK karibu apoteze kila kitu. Iligundulika kwamba mhandisi Zheng Guo, aliyekuwa akichimba mfereji mkubwa wa umwagiliaji, alitumwa na nchi ya Han ili Qin imalize nguvu zake kwenye udongo na isahau vita. Wazawa wa ukoo wa kifalme wakapaza sauti: wageni wote wafukuzwe! Li Si naye alikuwa mgeni, jina lake lilikuwa kwenye orodha.

Hapo akaandika barua ambayo Wachina wanaisoma mpaka leo. Alimkumbusha mfalme kwamba babu zake waliijenga Qin kwa vichwa vya wageni, akimtaja Shang Yang, Zhang Yi na Fan Ju. Kisha akamgusa penyewe: lulu unazovaa si za Qin, jade si ya Qin, muziki unaoupenda si wa Qin, hata warembo wa kasri si wa Qin. Vya nje unavipokea vyote, watu tu ndio unawafukuza? Mlima Tai, akasema, haukatai udongo, ndiyo maana ukawa mkubwa. Mito na bahari havikatai vijito, ndiyo maana vikawa na kina.

Mfalme akafuta amri. Mfereji ukamalizika, ukalainisha ardhi ya chumvi, na Qin ikapata chakula kingi kuliko dola yoyote. Li Si akapanda hadi kuwa mkuu wa mambo ya sheria na hukumu.

#4 – Mchangiaji

Mkuu, heshima kwako, uzi umeshiba. Nauliza kuhusu Han Fei. Kuna mahali nilisikia Li Si ndiye aliyemuua. Ni kweli, au ni maneno ya watu?

#5 – Mleta mada

Mkuu, ndivyo alivyoandika Sima Qian, mwanahistoria wa enzi ya Han (iliyoifuata Qin, si ile nchi ya Han ya Han Fei) ambaye tunamtegemea kwa sehemu kubwa ya habari hizi.

Maandishi ya Han Fei yalimfikia mfalme wa Qin, naye akasema akimwona mtu huyu na kuketi naye, hata akifa hatajuta. Mwaka 233 KK Han Fei akaja Qin kama mjumbe wa nchi yake. Li Si na ofisa mwingine, Yao Jia, wakamnong'oneza mfalme: huyu ni damu ya kifalme ya Han, moyo wake uko kwao siku zote, na ukimrudisha umejitafutia matatizo. Han Fei akatiwa ndani. Li Si akampelekea sumu. Han Fei aliomba ajieleze mbele ya mfalme, hakupewa nafasi. Mfalme alipojuta na kutuma msamaha, mtu alikuwa ameshakufa.

Angalieni miaka. Mwaka 237 KK Li Si anaandika kwamba mtu asihukumiwe kwa alikozaliwa. Miaka minne tu baadaye anamhukumu mwanafunzi mwenzake kwa alikozaliwa. Ile hoja nzuri ya Mlima Tai aliitumia kujiokoa, na ilipotakiwa kumwokoa mwingine hakuitoa. Hapo ndipo mimi nilipoanza kumwogopa.

#6 – Mleta mada

Sasa kileleni. Han ilianguka 230 KK, Zhao 228, Wei 225, Chu 223, Yan 222, na Qi 221. Ying Zheng akajiita Shi Huangdi, Kaisari wa Kwanza.

Waziri mkuu wa wakati huo, Wang Wan, alishauri wana wa Kaisari wapewe nchi za mbali wazitawale kama wafalme wadogo, desturi ya tangu zamani. Li Si akasimama peke yake kupinga. Alisema enzi ya Zhou iligawa nchi kwa ndugu, na wale ndugu wakaishia kuchinjana. Kaisari akamsikiliza. Nchi ikagawanywa majimbo 36 yenye maofisa wa kuteuliwa na kuondolewa. Silaha zikakusanywa Xianyang zikayeyushwa, zikasubiwa sanamu 12 kubwa za shaba. Vipimo vikawa vya aina moja, na upana wa ekseli za magari pia. Maandishi yaliyokuwa yakitofautiana kila dola yakaletwa kwenye mtindo mmoja, na Li Si mwenyewe akatunga kitabu cha kujifunzia herufi hizo. Maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe la Mlima Tai yanahesabiwa kuwa ya mkono wake, na kipande chenye herufi chache bado kipo.

#7 – Mchangiaji

Mleta mada, naomba nitofautiane nawe kidogo. Mtu aliyeipa China maandishi mamoja na utawala wa majimbo ni wa kuheshimiwa. Enzi ngapi zimepita, na muundo ule haukufutika. Tusimpime kwa kifo chake tu.

#8 – Mleta mada

Mkuu, hapo hatutofautiani. Hata Sima Qian anasema isingekuwa makosa yake, Li Si angehesabiwa pamoja na watawala Zhou na Shao, na kwa Wachina wa zamani hakuna sifa ya waziri inayozidi hiyo. Enzi ya Han iliyofuata iliilaani Qin mchana kutwa, na huku ikitawala kwa majimbo yake na makarani wake. Kwa sababu hiyo hiyo naumia: mtu wa akili hii ndiye aliyeandika sheria ya mwaka 213 KK.

Ilikuwa karamu kasrini Xianyang. Msomi mmoja, Chunyu Yue, akarudisha mjadala wa kuwapa wana wa Kaisari nchi, akasema jambo lisilofuata mfano wa kale halidumu. Li Si, sasa waziri mkuu, akapewa kazi ya kujibu. Alijibu kwa pendekezo hili: historia za dola nyingine zote zichomwe. Mashairi, nyaraka za kale na maandiko ya shule za falsafa yaliyo mikononi mwa watu yakabidhiwe yachomwe. Watakaokaa kuyajadili wauawe sokoni. Anayetumia mambo ya kale kukosoa ya sasa auawe na ukoo wake. Ofisa anayejua na akanyamaza, kosa lake sawa. Asiyechoma ndani ya siku 30 achanjwe alama usoni apelekwe kujenga ukuta. Vilivyobaki ni vitabu vya tiba, ramli na kilimo, na nakala zilizo kwa wasomi wa serikali. Anayetaka kujifunza sheria, ofisa wa serikali awe mwalimu wake.

Kaisari akaridhia. Kuanzia hapo mtu wa kumwambia mtawala "hapa umekosea" alikuwa anaweka rehani shingo ya wajukuu zake. Watu wote wanaujadili moto ule, mimi nadhani kipengele cha ukoo ndicho kilichoiua Qin.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa yamenyooka. Wanawe walioa mabinti wa Kaisari, binti zake wakaolewa na wana wa Kaisari. Mwanawe mkubwa, Li You, alikuwa mkuu wa jimbo la Sanchuan, na aliporudi likizo Li Si akafanya karamu, wakubwa wote wakaja, magari yakajaa langoni kwa maelfu. Katikati ya shangwe Li Si akahema, akamkumbuka Xunzi aliyemfundisha kwamba kitu kisizidi kustawi. Akasema mimi ni mtu wa kawaida wa vichochoro vya Shangcai, nimefika mwisho wa utajiri na cheo, sijui gari langu litasimama wapi. Alijua! Na hakung'atuka. Panya wa ghalani akitoka ghalani anakuwa nini, kwa falsafa yake mwenyewe?

#9 – Mleta mada

Shaqiu, mwezi wa 7 wa mwaka 210 KK. Hapa naomba tukae.

Kaisari alikuwa safarini mashariki, akaugua, akafa njiani hapo Shaqiu. Alikuwa ameacha barua kwa mwanawe mkubwa, Fusu, aliyekuwa mpakani kaskazini na jenerali Meng Tian: njoo Xianyang upokee jeneza na unizike. Barua na muhuri vilikuwa mikononi mwa Zhao Gao, msimamizi wa magari na mihuri, ambaye pia alimfundisha sheria mwana mdogo, Huhai. Kifo kilijulikana kwa Li Si, Huhai, Zhao Gao na matowashi watano au sita. Basi.

Zhao Gao akamgeuza Huhai kwanza. Kisha akamwendea Li Si. Sima Qian anaueleza mvutano huo kwa kirefu. Mwanzoni Li Si anang'aka: haya ni maneno ya kuiangamiza nchi! Zhao Gao hakubishana juu ya nchi. Akamuuliza maswali matano: Je, kwa uwezo unamfikia Meng Tian? Kwa utumishi? Kwa kuona mbali? Kwa kutochukiwa na watu? Kwa kuaminiwa na Fusu? Li Si akakubali yote matano anashindwa. Basi, akasema Zhao Gao, Fusu akikaa kitini, waziri mkuu atakuwa Meng Tian, na Qin haijawahi kumwondoa waziri mkuu akaishi kwa amani yeye na watoto wake.

Li Si akakataa tena na tena. Alisema Kaisari alimwokota vichochoroni Shangcai akampa kila kitu, na atamsalitije? Mwishowe akatazama mbinguni, akalia, akakubali.

Zhao Gao alimpiga pale pale pa siku ya panya. Hakumwahidi mali mpya hata moja. Alimwonyesha tu kwamba ghala linaweza kuwa la mtu mwingine.

Barua ikachanwa, ikaandikwa ya uongo kumwamuru Fusu ajiue. Meng Tian alitilia shaka, akamwambia Fusu aulize kwanza. Fusu akajibu: baba akimwamuru mwana afe, kuna la kuuliza? Akajiua. Meng Tian akafungwa, baadaye akalazimishwa kunywa sumu. Maiti ya Kaisari ikaendelea na safari kwenye gari lililofunikwa, chakula kikipelekwa kama kawaida, na kwa kuwa ilikuwa msimu wa joto na harufu ilianza kutoka, wakapakia samaki wa chumvi kwenye magari ya msafara ili watu wasitambue. Waziri mkuu wa dola nzima alikubali hilo pia.

#10 – Mchangiaji

Duh. Kaka, mimi swali langu: kwa nini hakumkamata Zhao Gao hapo hapo? Si ndiye alikuwa waziri mkuu?

#11 – Mleta mada

Ndugu yangu, hapo ndipo penye uchungu. Alikuwa na cheo chote cha kufanya hivyo. Muhuri ulikuwa kwa Zhao Gao, sawa, lakini Meng Tian alikuwa na jeshi kubwa kaskazini, na mrithi halali alikuwa naye. Neno moja kwa Fusu lingetosha. Ila neno hilo lingempa Meng Tian uwaziri mkuu.

Huhai akawa Kaisari wa Pili. Ndugu zake 12 wakauawa sokoni Xianyang, dada zake kumi wakararuliwa. Mwaka 209 KK Chen Sheng na Wu Guang, wakiongoza watu 900 waliopelekwa ulinzi wa mpakani, wakazuiwa na mvua. Kuchelewa adhabu yake ilikuwa kifo, kwa hiyo wakaasi. Uasi ukapita Sanchuan, na Li You hakuweza kuuzuia.

Wakaanza kumchunguza Li Si kwa ajili ya mwanawe. Kwa hofu akamwandikia Huhai waraka wa kumpendeza, akisema mtawala mwenye akili husimamia kwa ukali na kuadhibu kila mtu ili yeye mwenyewe afuate anachopenda bila wa kumzuia. Huhai akafurahi, kodi zikakazwa, maiti zikarundikana sokoni. Li Si alinunua miezi michache kwa waraka ule. Mimi nauhesabu kuwa mbaya kuliko hata ule wa vitabu, kwa sababu safari hii hakuamini anachokiandika.

#12 – Mleta mada

Mwisho wake ulikwenda hivi.

Zhao Gao alimshawishi Huhai asionekane na watu, mambo yote yapitie kwake. Kisha akamwendea Li Si kwa sura ya huzuni: waasi wanaongezeka na Kaisari anajenga kasri la Epang, mbona husemi? Li Si akajibu nataka kusema, simpati. Zhao Gao akaahidi kumwita Kaisari akiwa na nafasi. Akawa anamwita kila Huhai akiwa katikati ya starehe na wanawake. Mara tatu. Huhai akakasirika, na Zhao Gao akapachika lake: Li Si anataka kugawiwa nchi awe mfalme kwa sababu ya Shaqiu, na mwanawe anaandikiana na waasi wa Chu, ambao ni wa kwao.

Li Si akaandika kumshtaki Zhao Gao. Huhai akampelekea Zhao Gao habari hiyo. Li Si pamoja na mawaziri wenzake Feng Quji na Feng Jie wakaomba ujenzi wa Epang usimame na mzigo wa watu upunguzwe. Wote watatu wakakamatwa. Akina Feng wakajiua, wakisema mawaziri hawapaswi kudhalilishwa. Li Si hakujiua. Aliamini kalamu iliyomwokoa mwaka 237 KK itamwokoa tena.

Gerezani akaandika waraka wa "makosa" yake saba, na kila kosa lilikuwa jambo alilolijengea Qin: kuziteka dola sita, kusawazisha vipimo na maandishi, kutengeneza barabara. Zhao Gao akaamuru utupwe: mfungwa anapata wapi haki ya kumwandikia Kaisari? Han Fei, miaka 25 nyuma, alizuiwa hivyo hivyo.

Alichapwa fimbo zaidi ya elfu, akakiri. Kisha Zhao Gao akatuma watu wake zaidi ya kumi, mmoja baada ya mwingine, wakijifanya wakaguzi wa Kaisari. Li Si akikana na kueleza ukweli, anapigwa upya. Mkaguzi wa kweli alipofika, Li Si alidhani ni wale wale, akakiri. Huhai akasema bila Zhao Gao ningeuzwa na waziri mkuu. Waliotumwa Sanchuan kumchunguza Li You walikuta ameshauawa na hao hao waasi aliosingiziwa kushirikiana nao.

Na katika dola nzima hakutokea msomi wa kumtetea Li Si. Angetokea wapi? Anayekosoa ya sasa hufa na ukoo wake. Hiyo ilikuwa sheria, na iliandikwa na Li Si.

Mwezi wa 7 mwaka 208 KK wakamtoa. Akamgeukia mwanawe wa pili: natamani mimi na wewe tumshike tena yule mbwa wa manjano, tutoke lango la mashariki la Shangcai tukawinde sungura, lakini itawezekanaje? Wakalia, baba na mwana. Zhao Gao akachukua uwaziri mkuu, mwaka uliofuata akamlazimisha Huhai kujiua, naye akauawa na Ziying, aliyemrithi Huhai. Mwaka 206 KK Xianyang ilichomwa moto.

#14 – Mchangiaji

Mkuu, kuna zile nyaraka za mianzi zilizofika Chuo Kikuu cha Peking mwaka 2009. Zinasema Kaisari mwenyewe alikubali Huhai arithi, na waliopendekeza ni Li Si na Feng Quji. Basi hadithi ya Shaqiu yote si inaanguka?

#15 – Mleta mada

Ahsante sana kwa kulileta hili. Ni kweli, ni takriban vipande 50 vya mianzi, na humo hakuna barua ya uongo. Kuna pia ubao uliopatikana Yiyang, Hunan, mwaka 2013, wenye tangazo la Huhai kwamba anafuata wosia wa baba yake. Tangazo hilo halinishawishi, maana mnyang'anyi yeyote angetangaza hivyo. Zile nyaraka za mianzi nazipa uzito zaidi.

Mimi natenganisha mazungumzo na maandishi. Maneno ya Shaqiu yalisemwa na watu wawili faraghani, na wote wawili walikufa kabla ya 206 KK. Sima Qian aliandika zaidi ya miaka mia baadaye, kwa hiyo mvutano ule ameutunga kwa namna alivyomwelewa Li Si. Nyaraka za serikali ni jambo jingine. Jeshi la Liu Bang, mwanzilishi wa enzi ya Han, lilipoingia Xianyang, wengine walikimbilia dhahabu, lakini msaidizi wake Xiao He alikimbilia ofisi ya waziri mkuu akachukua ramani, sheria na kumbukumbu. Nyaraka za Qin zilikuwa na njia ya kuwafikia wanahistoria wa Han.

Kwa hiyo ukiiondoa Shaqiu yote, bado tuna barua ya kutetea wageni, pendekezo la 213 KK, na waraka kwa Huhai. Hata zile nyaraka za mianzi zinakubali kwamba Huhai ndiye aliyemuua Li Si. Kama alimpendekeza mwenyewe, kihalali, basi hoja yangu inazidi kusimama: kijana aliyemweka kitini ndiye aliyefundishwa naye, kwa maandishi, kwamba mtawala asizuiwe na mtu.

Wenye habari za Shang Yang leteni, naye alijaribu kukimbia akanaswa na sheria zake mwenyewe. Ningependa tuwaweke wawili hawa pamoja.